Flashi ya Rubeni na Ukungu wa Mlalo

Kwa miaka kumi na minane hakuna mtoto aliyepata kipaimara Mlalo asipigwe picha na Rubeni. Kisha akaja Kristian na kamera yake kutoka Lushoto mjini, na watu wakaanza kusema kuwa picha za Kristian hata ukungu hauzifuti. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu mwenyeji hakupona hata kidogo. Alimwonea Kristian wivu wa kumkosesha ugali, tusimfichie. Akashuka hadi Tanga akanunua flashi kubwa kuliko zote dukani, maana kwake ukungu ulikuwa giza tu, na dawa ya giza ni mwanga.

Mwaka huu ikawa zamu ya Glory, bintiye wa pekee. Desturi ni kwamba baada ya ibada watoto hujipanga kwenye ngazi za kanisa, baba kulia, mama kushoto, kila mmoja mkono begani kwa mwanawe. Picha hiyo hukaa ukutani maisha yote.

Siku hiyo ukungu ulishuka hata msalaba wa mnarani usionekane.

"Baba, njoo usimame nasi," Glory alimwita. "Kristian atatupiga picha."

"Nikiwa hai, wewe utapigwa na baba yako!"

Kristian, aliyekwisha kusimamisha flashi yake pembeni, karibu na watoto, akamsogelea.

"Shikamoo, mzee Rubeni."

"Marahaba," akajibu bila kumtazama.

"Mzee, flashi ikikaa juu ya kamera, mwanga unagonga vitone vya ukungu kabla ya kuwafikia watu. Unatawanyika, unakurudia mwenyewe. Ukiongeza nguvu, unaongeza weupe. Iweke pembeni kama yangu."

"Mimi nimeanza kupiga picha wewe unanyonya."

Akaongeza nguvu hadi mwisho. Picha ya kwanza ikatoka nyeupe kama bakuli la maziwa, ya pili vilevile. Hakutoka nyuma ya kamera yake, hata Kristian alipopiga ya kwake. Aliamini inayofuata itakubali.

Wiki iliyofuata Yunis, mkewe, alitundika picha ya Kristian sebuleni. Rubeni akaisogelea aitafutie kasoro. Hata vifungo vya mashati vilihesabika. Bega la kushoto la Glory lilikuwa na mkono wa mama yake. Kulia mtoto aliacha nafasi ya mtu mmoja, na nafasi hiyo ilionekana vizuri kabisa, bila chembe ya ukungu.