Pikapu Iliyovushwa Kama Ngamia

Kabla hajawa mwuza maji wa mkokoteni wa punda pale Garissa, Nunow alikuwa na ngamia. Kisha akawa na pikapu. Ukitaka maisha yake kwa mkato, ndiyo hayo, ila utakuwa umeruka penye uchungu.

Ngamia aliwauza baada ya kiangazi cha tisini na sita, wale waliokuwa bado wanaweza kusimama. Mbele za watu alisema amechoka kumfuata mnyama anayefuata wingu. Ukweli ni kwamba aliwahi kumwona mtu wa ukoo wake, tena mdogo kwake, akishuka kwenye gari mbele ya msikiti, wazee wakimpokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo hata chai ilikuwa haimshuki. Miongoni mwa waliopelekwa mnadani alikuwamo Barwako, ngamia jike ambaye mkewe Ugbad alipewa na babake siku ya harusi. Ugbad hakuulizwa. Alirudi kutoka kuokota kuni akakuta kengele ya mbao ya Barwako imetundikwa mlangoni, na nje imesimama Toyota kuukuu, buluu upande mmoja, kutu upande wa pili.

Nunow hakuwa mjinga wa mambo ya nyumbani. Alikuwa amempitia mchora mabango akaandikiwa nyuma ya gari, kwa rangi nyekundu: BARWAKO.

"Nimekurudishia ngamia wako," akamwambia mkewe.

Ugbad akaizunguka pikapu pole pole, akainama, akachungulia chini.

"Hii inakamuliwa wapi?"

Mwaka uliofuata mvua ikaja. Watu waliokuwa wameiombea kwa sauti kubwa walianza kuomba kwa sauti ndogo, wakiona haya kubadilisha ombi. Redio ilisema mvua hiyo ina jina la kigeni, El Niño, kana kwamba ukimjua mgeni kwa jina atapunguza kula. Mto Tana ukatoka kitandani mwake ukaja kulala majumbani. Wakubwa nao walikuja, maana uchaguzi ulikuwa karibu: walipita juu na helikopta, wakapunga mkono, wakaenda zao.

Siku hiyo Nunow alikuwa ametoka Masalani kuelekea Garissa. Nyuma alikuwa amepakia magunia ya mahindi ya msaada, yaliyoandikwa kwamba hayauzwi, ambayo yeye alikuwa ameyanunua. Juu ya magunia walikaa abiria, Ugbad kati yao. Njiani wakakuta laga, lile korongo ambalo mwaka mzima ni mchanga mtupu, limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda mbio. Ng'ambo ilikuwa ardhi ya juu, kavu. Nyuma yao Tana ilikuwa inakuja, ikimeza barabara waliyopitia. Pikapu ikibaki upande huu, imekwenda. Na pikapu ndiyo iliyokuwa kundi lote la ngamia la Nunow, pamoja na yule ambaye hakuwa wake.

Wakiwa wanatazama, lori lililosheheni simenti likawapita, likaingia majini likinguruma, likatokea upande wa pili.

"Umeona?" Nunow akasema, macho yakimng'aa. "Lile zito limepita. Hili langu litaruka kama mbuzi!"

"Na likielea?" akauliza Safiyo, bibi mmoja aliyekuwa na kuku kapuni.

Aliyejibu ni Rage, aliyekuwa zamani mkalimani wa mahakama na tangu hapo anajua kila kitu. "Eddo, shangazi yangu, chuma hakielei."

"Meli je?"

"Meli ina nahodha."

Likaishia hapo. Nunow alikuwa amevusha ngamia tangu akiwa hana meno ya mbele, na kazi hiyo ina utaratibu wake. Mnyama hashushwi majini na mzigo: unamfungua, unamwacha mtupu, mwenzako anatangulia ng'ambo na kamba, anamvuta taratibu. Basi magunia yote yakashushwa, yatakuja kubebwa kichwani baadaye. Abiria wakashikana mikono wakavuka, maji yakiwafika kiunoni, kuku wa Safiyo akilaani. Wanaume wakashika kamba iliyofungwa kwenye bampa ya mbele. Ugbad akasimama mwisho wa kamba, akaizungusha kiganjani bila kuambiwa.

Dereva wa lori, Mkamba aitwaye Nzioka, alikuwa amesimama kukagua breki. Alipoona pikapu tupu alipiga kelele:

"Mzee! Rudisha magunia! Hiyo gari inataka uzito!"

"Wewe nataka mahindi ya watu iloe?" Rage akamjibu kwa Kiswahili chake. Kisha akawageukia wenzake kwa Kisomali: "Hawa watu wa Kenya, hata ngamia mmoja hawajawahi kuvusha."

Wakacheka. Nunow naye akacheka, akashika usukani, akapandisha vioo asilowe viatu, akaingia majini.

Ilishuka kwa adabu. Katikati, usukani ukawa mwepesi ghafla, mwepesi wa kupendeza. Mtetemo wa barabara ukakoma. Nunow akaelewa kwamba magurudumu hayagusi kitu, na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, alifurahi. Inaelea! Kisha mkia ukaanza kugeuka kuelekea mto unakokwenda.

Ng'ambo kamba ikakaza. Wa kwanza kuachia alikuwa Rage, aliyeikumbuka saa yake ya mkononi. Wengine wakafuata, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Akabaki Ugbad, amepiga magoti, anaburutwa kwenye matope, hataki kuachia.

Nunow alimwona kupitia kioo na moyo ukamjaa. Mwanamke huyu aliyeitukana gari mwaka mzima! Akateremsha kioo ili atoke, na maji yakaingia palepale alipotokea. Akaparamia boneti, akaishika kamba, akajivuta hadi ukingoni, na Nzioka akamnyakua kwa ukosi wa shati. Ndipo Ugbad akafungua kiganja. Ngozi ilibaki kwenye kamba. Pikapu ikachukuliwa hadi penye kina, ikainua mkia mara moja, herufi nyekundu zikaonekana zote, halafu ikazama.

"Umenishika," Nunow akasema akitapika maji. "Wallahi, Ugbad, umenishika."

Ugbad alikuwa akitazama maji.

"Sikuwa nakushika wewe."

Magunia yaliyobaki ng'ambo yalikwenda na maji jioni ileile.

Siku hizi Nunow anauza maji. Anayateka mtoni, mto uleule, anayatia kwenye pipa, punda anavuta, na watoto wa Garissa wanamwita Nahodha. Vibandani mwa chai mjadala haujaisha kama pikapu huelea au haielei. Rage bado anashikilia kwamba chuma hakielei, na kwamba siku ile macho ya watu yalidanganywa na mvua. Nunow huitwa atoe ushahidi, hukaribishwa kikombe, hueleza, hawamwamini, na hurudi kwa punda.

Ugbad huuza maziwa ya ngamia wa watu wengine. Mteja mmoja, akitazama kovu kiganjani mwake, alimwuliza kwa mzaha kama kweli Barwako ilielea.

Ugbad alipima maziwa hadi yakajaa, akafunika dumu.

"Barwako wangu alikuwa anavuka kwa miguu."