Makala Yangu Iliwaleta Wageni Migombani kwa Mama

Ting. Kompyuta ya ofisini ililia hivyo kila tovuti nyingine ilipoweka linki ya kuja kwetu, na sisi tukapiga makofi. Sauti hiyo hainitoki, hata nikiwa kanisani.

Admin, nifichie jina. Nina miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo kikuu, sijaolewa. Ninaandika makala za tovuti ya kampuni ndogo ya utalii, ofisi iko Ngarenaro. Mwaka mzima niliandika kuhusu nguo za kubeba ukipanda mlima Meru, wala hakuna tovuti iliyotutaja, na usipotajwa wateja hawakuoni. Bosi akaniita.

"Dada, nani ataweka linki kwenye orodha ya soksi? Nipe kitu ambacho hakipo kwingine. La sivyo, mkataba wako unaishia hapa."

Nilikuwa nacho. Kwetu, juu ya Kikatiti, kichanga kikifa hakiwekewi matanga. Wanawake wawili wanakizika migombani, na jina lake halitamkwi tena. Mama alimzika hivyo mtoto aliyenitangulia, yeye na mdogo wake, mama mdogo. Nilipomaliza chuo mama alinionyesha pale, akaniambia jina mara moja tu.

Niliandika yote kwa Kiingereza, jina la mtoto nikaliweka, langu nikaliacha. Nikaeleza mfereji, mteremko, hata rangi ya paa letu, maana msomaji anapenda kuona. Nilijiambia kijijini hakuna atakayesoma. Wiki nzima kompyuta ililia. Blogu za wasafiri, magazeti ya nje. Bosi akanunua keki.

Nilisahau kwamba waongoza watalii wanasoma kila kitu, na mmoja wao ni jirani yetu. Jumamosi moja nikiwa nyumbani, akaingia na wageni wanne.

"Shikamoo mama. Hawa wanaomba kuona pale alipolala..." Akataja jina.

Mama alikuwa anachambua maharage. Ungo ukamponyoka. "Nani kakwambia?"

"Si lipo mtandaoni, mama? Dunia nzima inajua." Mgeni mmoja alikuwa tayari ametoa kamera.

Walipoondoka, mama akampigia mama mdogo. "Tulikuwa wawili tu pale, wewe na mimi. Umeniuza!" Nilimsikia mama mdogo akilia, "Dada, naapa kwa Mungu!" Mama akakata simu. Mimi nilikuwa chini naokota maharage. Hakunishuku hata kidogo; anachojua ni kwamba naandika habari za soksi na kupanda mlima. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Nimebaki na wewe tu."

Nikaendelea kuokota maharage.

Miezi minne sasa hawasalimiani. Mama mdogo alikuja na sukari, akarudishwa getini. Mama amesema hata akifa, mdogo wake asimtupie udongo. Mimi nimefuta makala, nimewaandikia wote walioweka linki. Wengine wametoa. Wengine walishainakili, wakanijibu kwamba hadithi ni nzuri mno kuiondoa.

Nilianza kuwaandikia Ijumaa mnishauri kama nimwambie mama, au ninyamaze mama mdogo aendelee kubeba mzigo wangu. Sikuweza kungoja majibu. Leo asubuhi nimekaa na mama jikoni nikamsomea makala yangu yote kwa Kiswahili, kutoka kwenye nakala iliyobaki kwenye simu. Nilipofika kwenye jina akaniinulia mkono ninyamaze. Akajifunga kanga, akatoka kwa miguu kwenda kwa mama mdogo. Hakunitazama.

Bado niko hapa jikoni. Ndugu zangu, naombeni mawazo yenu kwa hili moja: nimngoje, au niondoke kabla hajarudi?