Suruali Niliyoipunga Kisiwani

Mimi nilitaka kimya tu, basi! Tangu vita vilipowafukuza wakwe zangu kutoka Kamenge, nyumba yangu ya Buyenzi ilijaa mpaka nikawa nabishiwa hodi chooni. Nikachoka. Nikamwambia mke wangu mbele ya wote, kifua mbele: "Mi naenda kuishi peke yangu ku kisiwa. Mutu asinifuate!"

Alfajiri mvuvi mmoja akanipeleka kwa mtumbwi hadi kisiwa kidogo cha matete, karibu na mdomo wa mto Rusizi, unapoingia ziwani. Akaahidi kurudi. Kumbe siku hiyohiyo wanajeshi walifunga ziwa, mvuvi asionekane tena. Mihogo niliyobeba ikaisha, mbu wakanila, viboko wakanikoromea.

Mwishowe, upande wa nchi kavu, nikaona wanawake wakipita ukingoni wakichungulia matete. Kuogelea sijui, na maji yale niliyaogopa hata kuyagusa. Shati nilikuwa nimeshalitumia kuwashia moto. Nikavua suruali, nikabaki na chupi, nikaipunga hiyo suruali hewani nikipiga kelele: "Niokoeni! Leteni mtumbwi!"

Mmoja wao akakunja kitenge, akaingia majini, akaja akitembea polepole. Maji hayakumpita magoti. Mimi, mjinga, nikazidi kurukaruka kwa furaha mpaka akanifikia na kugeuza uso upesi.

Alikuwa mama mkwe.

"Mukwe yangu," aliyaambia matete, "tulikutafuta mpaka ku hopitali, kwenye maiti. Na huku watu wanapitaka na miguu. Vaa suruali, twende."