Ndevu Nyeusi za Mheshimiwa

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Hina nyekundu, piko nyeusi, maua kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, na miguu pia kwa anayetaka. Naishi mtaa wa Barani, na hapa Malindi mtu akiwa na binti wa kuoza hahangaiki kunitafuta. Kwa hiyo mke wa mheshimiwa aliponipigia simu nilidhani wana arusi.

"La, dada," akasema. "Njoo na piko tu. Ni ya mzee."

Nikamuuliza tangu lini wanaume wakachorwa maua. Akasema si maua, ni ndevu, na kichwa pia, na tafadhali nisimwambie mtu.

Mheshimiwa mwenyewe simtaji jina, wala mahali alipochaguliwa sipataji. Wako wengi mno wa namna yake, kila mtu atadhani namsema wa kwao. Itoshe kusema kwamba nilipokuwa msichana wa chuoni, nasoma juzuu, tayari alikuwa mheshimiwa, na siku hiyo niliyoitwa nilikuwa mama wa mtu mzima na yeye bado ni mheshimiwa.

Nilimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, taulo mabegani, ndevu nyeupe pepepe. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kunipaka hina?"

"Ni piko, mzee."

"Piko ya wanawake hiyo. Baba yangu alipaka hina."

Alisema kweli. Wazee wa kwetu wakitaka kupendeza hupaka hina, ndevu zikawa nyekundu, na masheikh hawana neno. Nyeusi ndiyo wanayoikemea. Lakini mwanawe mkubwa, yule wa simu mbili anayemjibia babake kila swali, alikuwa amesimama mlangoni.

"Nyeusi," akasema. "Nyekundu kwenye picha inamfanya aonekane mzee."

Astaghfirullah! Na ni nini, kama si mzee?

Sijamaliza shavu moja, mheshimiwa akanitazama usoni kwa mapenzi kabisa. "Binti yangu, umeingia saa ngapi? Umekuja kunipaka hina?" Nikamjibu. Nikahamia shavu la pili, akaniuliza tena. Mkewe akanivuta kando akaninong'oneza kwamba mzee amechoka, safari zimekuwa nyingi. Amechoka! Mtu aliyechoka husahau miwani alikoiweka. Huyu alinisahau mimi, na kidevu chake kimo mkononi mwangu.

Ningeweza kukataa kurudi. Sikukataa, na sababu ni mwanangu.

Binti yangu ameolewa huko ndani, mbali na lami, kwa mkulima, kijana mwenye adabu zake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani. Walimpakia mwanangu kwenye pikipiki kumleta hospitali, uchungu ukamzidi, wakamlaza kando ya barabara juu ya leso yake. Mtoto hakulia. Na uchungu wangu ni huu: pale kijijini kwao pana zahanati, na zahanati ina chumba cha kujifungulia, kimepakwa rangi, kina kitanda ambacho ukichungulia dirishani unakiona bado kimo ndani ya nailoni. Mlangoni pana kufuli. Hakuletwa muuguzi, kwa sababu hakuna aliyesimama kumdai. Wa kusimama alikuwa mheshimiwa, ndiyo kazi aliyopewa.

Sasa mwanangu alikuwa na mimba nyingine. Basi kila weupe ulipochomoza kwenye mizizi ya zile ndevu wakaniita, nilikwenda, na kila nilipokwenda nilimweleza mzee habari ya ule mlango. Alinisikiliza vizuri sana. Machozi yalimtoka. "Nitasimama mwenyewe nilisemee jambo hilo," alisema. "Wallahi nitasimama." Na safari iliyofuata ikawa ndiyo kwanza anasikia, akalia upya, akaapa upya.

Yeye sikumchukia. Aliniambia habari za utoto wake, alivyokuwa na wenzake wakiiba embe mbichi na kuzila na chumvi, na hapo hakukosea hata jina moja. Niliowachukia ni wale waliomzunguka. Mke aliyezoea kuitwa mama mheshimiwa na kupewa kiti cha mbele kila arusi. Mwana ambaye bila babake hangepata wa kumshikia hata mlango wa gari. Na wale wanaume wazima waliojaa barazani kwake tangu asubuhi, wakinywa kahawa yake na kusema, "Mzee yuko imara, mzee ni chuma." Chuma gani? Mtu anavalishwa viatu!

Ikaja siku ya mkutano, na mkutano wenyewe ulikuwa pale pale, kwenye uwanja wa zahanati. Walikuja wakubwa wa afya, na mwana alikuwa ametangaza kwamba mzee atalisemea suala la chumba cha wazazi. Nikaomba lifti. Wakanikubalia kwa sharti niende na brashi yangu, nimguse sharubu kabla hajashuka. Nilimgusa vizuri kuliko bibi arusi. Aliposhuka garini, kofia ya vito, kanzu imenyooka, ndevu nyeusi tititi, wanawake wakapiga vigelegele.

Mwanangu alikuwa mstari wa mbele, mkono kiunoni, mwezi wa nane.

Mzee akapewa maiki. Sauti bado alikuwa nayo, hiyo simnyimi. "Ndugu zangu!" akasema. "Nawaona mnavyoteseka. Mkinichagua, hapa mahali patupu, hapa hapa, nitawajengea zahanati!" Akanyoosha mkono kuonyesha mahali penyewe, vidole vikagonga ukuta wa zahanati.

Watu wakautazama ule ukuta. Halafu mwanawe akaanza kupiga makofi. Wale wa baraza wakadakia. Na watu wazima wenye akili zao, wamekaa chini ya kivuli cha jengo wanaloahidiwa, nao wakapiga makofi! Wakubwa wa afya wakainamia chupa zao za maji, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hakuna aliyeuliza habari ya muuguzi. Niliona aibu na hasira. Nikamtafuta mwanangu kwa macho. Yeye hakupiga makofi.

Walipokuwa wakimrudisha garini, wamemshika huku na huku, wakapita mbele ya ule mlango. Mzee akasimama. Akaichukua ile kufuli mkononi, akaipindua, akaona kutu.

"Mlango huu mbona umefungwa?" akauliza. "Wanawake wa hapa wanazalia wapi?"

Ilikuwa sauti ile niliyoisikia nikiwa msichana. Macho yake yalikuwa macho ya mtu anayejua aliko.

Mwanangu alikuwa karibu naye. "Njiani, babu," akamjibu.

"Njiani?" Akamgeukia mwanawe. "Mwite mwenye ufunguo. Sasa hivi!"

Mkutano mzima, wakubwa wote wale, na swali la maana likaulizwa na huyo. Mwanawe akamwambia, "Twende, mzee, jua kali," akamsukuma garini taratibu kama anayemsaidia, akafunga mlango, akapandisha kioo. Nilimwona mzee ndani akigonga kile kioo kwa kiganja. Mpaka nazunguka upande wa pili na kupanda, mkono ulikuwa umetulia mapajani. Akanitabasamia.

"Binti yangu," akasema. "Umekuja kunipaka hina?"

Mwanangu sikumwacha kule. Nilimleta Barani, akajifungulia hospitali ya mjini, mtoto wa kike, aliyelia hata nikamshukuru Mungu kwa kelele. Alikuwa bado yumo ndani ya arobaini yake, amelala chumbani kwangu ananyonyesha, mke wa mheshimiwa aliponipigia tena.

"Dada, weupe umetoka. Njoo kesho asubuhi, kuna picha za kampeni. Mzee anagombea tena, inshallah."

"Bi mkubwa," nikamuuliza, "mlango umefunguliwa?"

"Mlango gani?"

Mwanamke huyu hasahau kitu. Anakumbuka rangi ya leso niliyokuja nayo siku ya kwanza. Na kila nilipomweleza mumewe habari ile, yeye alikuwa amekaa pale pale uani, anachambua mchele.

Nikamwambia kesho nitakuja, ila nitakuja na hina. Nitampaka nyekundu kama babake, akae uani kwake apumzike, na picha wampige mtu mwingine. Akakata simu.

Mwanangu alikuwa amesikia sauti yangu ikipanda. Akainua kichwa.

"Mama, wamesema wataufungua lini? Wifi yangu kule naye ana mimba ya mwezi wa nane."

"Hawajui kama kuna mlango," nikamwambia.