Kukonda Nyumbani kwa Yaya

Niliondoka mtaa wa Bel-Air asubuhi ya mawingu, begi moja begani, bila kujua ningelala wapi. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa anafagia uwanja. Hakuuliza. Tangu nilipoacha shule nikiwa mdogo, kuondoka kwangu hakumshangazi mtu.

Safari hii niliondoka kwa sababu ya moyo. Daktari alinikuta na tension, shinikizo la damu lililomuua baba yetu angali anafanya kazi ya reli. Akasema nipunguze chumvi, niache sigara na pombe, nitembee kila siku, nipunguze tumbo. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka: chumvi inafanya nini ndani ya mshipa, moyo unachokaje. Kisha nikamtii. Tumbo likapungua, suruali ikaanza kuniteleza kiunoni.

Shida ikaanzia hapo. Kwetu mtu akikonda, anayelaumiwa ni anayempikia; ataitwa hata mchawi.

"Mudogo, banasema minakunyima bukari," yaya aliniambia akisonga huo ugali. "Ku kanisa bananiangalia sawa muloji."

"Yaya, docteur njo alisema."

"Docteur njo atakuzika? Ni miye. Na batasema nini ku kilio?"

Baadaye tension ilipanda tena, wakati sikuwa nimerudia sigara wala chupa. Nilipomuuliza yaya, hakukana. Kila jioni alikuwa anatia chumvi katika sombe yangu, kisamvu, kabla ya kunipakulia. Mimi niliona imekolea, nikadhani ni ulimi wangu tu, ulioachana na moshi, unajifunza kuonja upya. Nilikuwa hata nimefurahi.

"Nilitaka ukule sana, unone tu," alisema polepole.

Ningemgombeza vipi? Lakini kwa mkono ule wa upendo ningekufa.

Asubuhi ile nilitembea hadi Kasapa, nikisimama njiani kusikiliza kifua changu. Nyuma ya nyumba moja karibu na chuo kikuu nikapata chumba cha kupanga: kitanda, na dirisha linalotazama ukuta. Mama mwenye nyumba aliyatazama mashavu yangu.

"Papa, uko mugonjwa?"

"Minakonda kwa kupenda, mama."

"Muntu anakonda kwa kupenda?" Alicheka kidogo. "Kuya, utakula na sisi."

Ndani walikuwa wanapika makayabu, samaki wa chumvi. Njaa ilikuwa inaniuma.

"Aksanti, mama. Nitajipikia."

Kicheko kikaisha. Alinyoosha kidole kwenye mbabula, jiko la makaa lililokuwa nje ukutani, akaingia kwa watu wake. Nikawasha moto, nikateleka sufuria ya mtu mmoja.