Tulipongoja Jua Litue: Karate na Taekwondo

Enzi zetu, miaka ya tisini, hakuna aliyejifunza karate kwenye simu. Sisi wa Homa Bay tuliijua kwa magoti, kwenye sakafu ya saruji ya ukumbi uliojaa harufu ya dagaa wetu wa omena walioanikwa nje. Mwalimu Ouma alitaka tusimame chini, miguu imekita, ngumi itoke kiunoni na kurudi upesi. Tulihesabu ichi, ni, san kwa lafudhi ya Kijaluo, na nadhani Mjapani angepita asingejua kwamba tunahesabu.

Binti wa mama mdogo, Atieno, alikaa Migori, na huko walicheza taekwondo ya Wakorea. Likizoni tulibishana hadi ugali ukapoa. Koti letu lilifungwa mbele, lao lilivaliwa kwa kupitisha kichwa. Sisi tuliamini mkono, wao mguu. Na mguu wa Atieno, jamani, ungeweza kuzima koroboi iliyo juu ya kabati! Nilimwonea wivu sana. Ila kwao na kwetu, huanzi kabla hujamwinamia mwenzako.

Jumamosi moja vilabu vyetu vikakutana Homa Bay kuwania kikombe. Vikaenda sare, ikabaki mechi yangu na Atieno. Ilipangwa jioni, lakini zile nyingine ziliisha mapema, yetu ikaitwa jua likiwa bado juu, na Atieno ni Msabato. Baba yake, mzee wa kanisa, alishamwonya: "Ukirusha teke kabla jua iingie, hiyo mchezo imeisha kwako." Basi aliketi benchi la nyuma na gauni lake la kanisani, macho yamejaa machozi.

"Huyu hachezi," mwamuzi akamwambia Mwalimu Ouma. "Kikombe ni yenu, chukueni."

Mwalimu alikuwa amekitamani kikombe kile tangu aanze kutufundisha. "Ya bure hatutaki," akasema. "Tutangojea jua."

Akapiga magoti, akakalia visigino kama wafanyavyo watu wa karate. Tukamfuata. Mwalimu wa Migori alitutazama, kisha naye akaja akapiga magoti kando yetu. Miguu ilikufa ganzi, lakini hakuna aliyenung'unika.

Jua lilipozama ziwani, Atieno alikimbia kubadili nguo. Tukainamiana. Mguu wake ukapita juu ya ngumi yangu, ukanigusa sikio polepole, kama anayefukuza nzi. Kikombe kikaenda Migori, na aliyepiga makofi kuliko wote ni Mwalimu Ouma.

Watoto wa leo wanajua mateke ya kila nchi, na mkanda mweusi wanaununua dukani. Kwenye mashindano yao ukichelewa kidogo umefutwa. Siwalaumu sana; hawajawahi kuona watu wazima wakiwangoja kwa magoti. Binti yangu huniuliza ipi kali zaidi, karate au taekwondo, nami humsimulia jioni ile. Na Jumamosi nikitaka kumpigia Atieno simu, hadi leo nangoja jua litue.