Risasi ya Hamsini

Mwanangu Musyoka, katika siku zangu zote za Riyadh, ninayoikumbuka waziwazi kuliko nyingine ni Ijumaa moja nilipopiga magoti kwenye zulia la hema, nikahesabu risasi, nikapata arobaini na tisa. Zilipaswa kuwa hamsini. Nikahesabu mara ya pili, si kwa uangalifu, bali kwa kutumaini kwamba hesabu itanihurumia. Haikunihurumia. Arobaini na tisa.

Nakuandikia haya kwa sababu ya yale mabishano yenu ya juzi hapa kwangu mtaa wa Ruwais, Jeddah. Mlikuwa vijana saba na sinia moja la ugali na nyama, na simu zenu zote zilikuwa na habari moja: shule ya nchi ya mbali, mtu kaingia na bunduki, na kuna watoto ambao hawakurudi kwao. Watatu wakasema bunduki zote zikusanywe ziyeyushwe. Watatu wengine wakasema chuma hakina kosa, mwenye kosa ni aliyekishika. Nilihesabu. Nikahesabu tena, maana Kilonzo alikuwa akihama upande kila akiongezewa nyama.

Wewe ulikuwa wa saba, na hukuwa na upande. Ulikuwa umetuambia kwamba bosi wako pale mtaa wa Nuzha huweka bunduki yake ya kuwindia kwenye buti la gari kila Alhamisi, mnaenda jangwani, mnarudi Jumamosi. Jumapili asubuhi gari hilo hilo linawapeleka wanawe watatu shuleni. Kilonzo alipokuuliza kama huogopi, ulilamba kidole ukasema, "Mimi ni usukani tu, bro. Bunduki ni ya bosi, atajua mwenyewe."

Sikukujibu mbele ya wenzako. Nakujibu sasa, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa na miaka ishirini na tisa, na nilidhani ni maneno ya mtu mwerevu.

Siku hizo nilikuwa dereva wa nyumba moja Riyadh. Jina langu la Josphat halikukaa vizuri mdomoni mwao, wakaniita Yusufu, nikakubali. Nilikuwa nimeitwa vibaya zaidi nyumbani. Mwenye nyumba tulimwita baba, marafiki zake wakamwita Abu Nasiri. Alikuwa na bunduki moja ya kuwindia ndege, yenye kibali, ameirithi kwa babaye, na aliipenda kama wewe unavyoipenda simu yako. Alikuwa na binti wa miaka tisa, Nufu, ambaye alijua kudai kitu kuliko wafanyabiashara wote wa soko la Batha. Mimi niliyekuwa nikiondoka dukani mara tatu ili niitwe mara tatu nipunguziwe bei, kwa mtoto yule nilikuwa nashindwa kila siku. Akitaka tupitie bakala, lile duka la pembeni, tutapitia bakala.

Baba alikuwa na utaratibu. Tukienda jangwani, Nufu akiwemo, alinikabidhi paketi mbili za risasi, ishirini na tano kila moja. Alasiri ya kurudi nilipaswa kuokota maganda yote, maana hakutaka ngamia wa watu wayale, kisha nijumlishe maganda na risasi zilizobaki, nimwambie. Maganda pamoja na risasi, hamsini, tunafunga safari. Kazi ya dakika tano.

Ijumaa hiyo nilipata maganda thelathini na moja na risasi kumi na nane. Nimekuambia, nilihesabu mara mbili. Nikapekua mchanga, nikapekua mito ya hema. Baba akaita kutoka kwenye gari, "Yusufu! Yalla! Tamam?" Yaani twende, hesabu sawa?

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea. Miezi miwili kabla, mwenzangu mmoja wa nyumba ya jirani alirudishwa kwao kwa sababu ya jiko la gesi lililopotea safarini, jiko ambalo baadaye lilionekana chini ya kiti. Mimi nilikuwa nasubiri ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, ihuishwe ili niende likizo, nikamwone mtoto wangu wa kuzaa ambaye nilimwacha hajaota jino. Nikajiambia: risasi moja, mchanga umeimeza. Nikajiambia: kwani bunduki ni yangu? Mimi ni usukani tu.

Nikajibu, "Tamam, baba."

Jioni ile, baada ya magharibi, wakaja wageni watatu kwenye majilisi, sebule ya wageni, wote watu wa bunduki. Mpishi alikuwa likizoni, kwa hiyo birika la kahawa likawa langu. Televisheni ilikuwa imewashwa, na habari ilikuwa ile ile mliyokuwa nayo nyinyi juzi: shule, bunduki, mama wamesimama nje ya uzio. Nchi tofauti, miaka tofauti. Mama walisimama vile vile.

Kiarabu changu kilikuwa cha sokoni, cha kushusha bei, lakini kilinitosha kuwaelewa. Wa kwanza kusema alikuwa Abu Majidi, mtu wa tumbo na sauti. "Hao hawajalea watoto wao. Mimi nina bunduki tatu nyumbani, hakuna hata moja iliyotoka yenyewe ikaenda shule."

Jirani yetu, muuza viyoyozi, akagonga mfuko wa kanzu. "Mimi kibali changu kiko hapa. Nimefuata sheria. Waongeze nini tena?"

Wa tatu tulimwita Ustadhi, mwalimu aliyestaafu. Alikuwa amecheka jioni nzima, lakini hapo hakucheka. "Miaka yote ile nimekagua mikoba ya watoto," akasema. "Nimetoa manati, nimetoa kisu cha jikoni, siku moja nimetoa kenge mzima akiwa hai. Mtoto analeta shuleni chochote alichokiona kwao. Mimi nina bunduki na naipenda, lakini anayetaka kibali aje mtu akague nyumbani kwake anaiweka wapi, na arudi kukagua tena mwaka unaofuata. Wakianza na mimi, karibu."

"Wakague nyumba yangu?" Abu Majidi akang'aka. "Mbele ya familia yangu? Labda wakague ubongo wako!"

Wakacheka. Baba akainua mkono, akamaliza mjadala kama mwenye nyumba anavyomaliza. "Mambo ya hao ni ya hao. Humu ndani bunduki iko kwenye sefu, na risasi zinahesabiwa mpaka ganda la mwisho. Muulizeni Yusufu."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeinama, najaza kikombe chake. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Watu wanne wenye bunduki walikuwa wakibishana kuhusu usalama wa nchi nzima, na mtu pekee aliyejua kwamba ndani ya nyumba ile hesabu haikutimia alikuwa yule aliyeshika birika.

Siku hizo wiki ya shule ilianza Jumamosi. Asubuhi nikampakia Nufu, amekaa nyuma na mkoba wake mapajani, kimya. Nufu kuwa kimya ni kitu cha kukutia wasiwasi. Kwenye taa nyekundu akauliza, "Yusufu, ukiigonga kwa jiwe itapasuka?"

"Kugonga nini, habibti?"

"Hii."

Nikatazama kwenye kioo. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili, nyekundu, kitako cha shaba, mpya kabisa. Akanieleza mpango wote bila kuficha: Hesa, rafiki yake, hakuamini kwamba Nufu huenda kuwinda, kwa hiyo wakati wa mapumziko wangekwenda nyuma ya tangi la maji waigonge, waone moshi.

Taa ikawa ya kijani. Nyuma yangu honi zikalia, na wewe unaijua Riyadh, honi huko inalia kabla taa haijageuka. Sikusikia. Nikapanda na gari ukingoni, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikapiga magoti barabarani.

"Nipe, Nufu."

"Utanipa nini?"

Mwanangu, ungeweza kumpokonya, najua unafikiri hivyo. Lakini mtoto anayevutana na mtu mzima akiwa na risasi mkononi sikutaka kumwona. Nikamuuliza anataka nini. Akanitazama toka juu mpaka chini, akatafuta kitu chenye thamani kwa maskini yule, akakiona: kishikio cha funguo zangu, cha shanga za bluu na nyeupe, alichonishonea mke wangu usiku ule kabla sijapanda ndege. Ndicho kitu pekee cha nyumbani nilichokigusa kila siku.

Kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu sikushusha bei. Nikazitoa funguo moja moja, nikampa kishikio. Akaniwekea risasi kiganjani. Ilikuwa na joto la mkono wake.

Nikamfikisha shuleni. Nikakaa ndani ya gari nje ya geti, nikawatazama wasichana wadogo wakiingia na mikoba mikubwa kuliko migongo yao. Nilianza kuwahesabu, nikaacha. Pembeni palikuwa na pipa kubwa la taka. Ningeitupa mle, hesabu ikabaki hamsini ya uongo, nami nikaenda likizo. Niliwasha gari nikalipita pipa lile. Nikageuza, nikalipita tena. Kisha nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa anakunywa chai. Nikaweka risasi mezani, nikamwambia yote, pamoja na jiwe na tangi la maji. Rangi ikamtoka usoni. Akaisukuma chai pembeni, akaniuliza, bila kupaza sauti, "Ulijua lini kwamba imekosekana?"

"Jana alasiri, baba."

"Kabla ya wageni."

"Kabla ya wageni."

"Jana usiku ulinimiminia vikombe vingapi?"

Nikadhani sikumsikia vizuri. "Vitatu, baba."

"Vitatu," akasema. "Mara tatu uliinama karibu na sikio langu, Yusufu. Mara tatu. Neno moja lingetosha. Nisingekufukuza kwa neno moja."

Nimetukanwa na polisi, na madalali, na mama mkwe, lakini hakuna kilichoniingia kama vikombe vile vitatu. Nilifuta macho kwa kofia. Naye akafuta ya kwake, akasema taratibu, kama anajisemea, "Na mimi nikajisifu mbele ya watu."

Nilingoja aseme halas, basi, nenda kafungashe. Hakusema. Jioni ile aliwaita tena wale watatu. Nilipoleta sinia la kahawa, aliweka risasi nyekundu katikati ya vikombe, akawasimulia, na hakulisahau kosa langu wala lake. Ustadhi alifumba macho. Muuza viyoyozi akashika mfuko wake wa kibali, safari hii bila kuugonga. Abu Majidi alisema ni bahati mbaya tu, kwake hayawezi kutokea. Lakini hakumaliza kahawa. Alikwenda kwake mapema, na aliporudi siku iliyofuata hakutuambia alikuta nini. Ila bunduki tatu zikawa moja, na tangu hapo kila mjadala ulipoanza alikuwa anaomba tende badala ya kusema.

Baba akanunua kasha la chuma la kufuli mbili. Ufunguo mmoja akachukua yeye. Wa pili akanipa mimi. Halifunguki mpaka tusimame wote wawili, na tuhesabu kwa sauti, yeye kwa Kiarabu, mimi kwa Kiswahili, tukutane mwisho. Mimi, mtu wa Machakos nisiye na hata manati, nikawa nusu ya sheria ya bunduki ya nyumba ile kwa miaka kumi na moja, hadi nilipohamia huku Jeddah.

Kwa hiyo, Musyoka, ukiniuliza kama bunduki zipigwe marufuku au zisipigwe, hilo nawaachia wenye nchi zao na wenye bunduki zao. Nimewasikiliza wengi. Anayesema "njooni mnikague" nitakunywa kwake kahawa. Anayesema "kwangu haiwezekani" nitamwomba anipigie hesabu kwanza. Lakini wewe sikuruhusu kusema ni usukani tu. Kilichopita kwenye gari unaloendesha kimepita mikononi mwako, na wale watoto watatu wa Nuzha hawajui buti ni la nani.

Alhamisi hii, kabla hamjaondoka, fanya hivi. Usimwambie bosi "lazima". Mwenye bunduki hapendi kufundishwa. Mwambie, "Baba, naomba tuhesabu pamoja, nisije nikalaumiwa bure." Ataona unajilinda, atacheka, atahesabu. Mkirudi, mhesabu tena, na bunduki ishuke kwenye gari kabla hamjalala, isingoje asubuhi ya shule. Na ikikosekana moja, sema jioni hiyo hiyo. Ukiogopa kusema peke yako, nipigie, nitapanda teksi nije tuseme wawili. Na dereva wa teksi nitabishana naye bei, lakini nitakuja.

Mwaka jana Nufu alinitumia picha. Ni mwanamke mzima sasa, anaendesha gari lake mwenyewe, amenikosesha kazi kwa sababu nzuri. Kwenye picha ni ufunguo tu, umening'inia kwenye shanga za bluu na nyeupe. Nilizihesabu. Ishirini na nne, zote zipo. Nikahesabu tena, kwa raha tu.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, awalinde pia wale watoto watatu wa kiti cha nyuma, na siku ya kurudi kwa mama yako akufikishe ukiwa mzima. Akuhesabu, akuhesabu tena, na usipungue.